Je, raiza za milimita 50 zitanitoa maumivu ya mabega?

Swali: "Mimi ni mrefu, nina sentimita 187. Pikipiki yangu ni ya kawaida, usukani wake ni bomba moja lililobanwa kwa vishikizo viwili juu ya shokapu za mbele. Nikiendesha kama saa moja hivi mabega yanakaza, mgongo unauma katikati, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Fundi ameniambia ninunue raiza za milimita 50 niupandishe usukani. Nataka kuzifunga mwenyewe. Je, zitanisaidia? Na zisipotosha, naweza kuweka jozi mbili, moja juu ya nyingine?"

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako raiza, yaani vipande vinavyowekwa chini ya usukani ili kuupandisha, zinaweza kukusaidia, ila kipimo ulichopewa kinanitia shaka. Anayekwambia "nunua za 50" kabla hajakutazama ukiwa umekaa juu ya pikipiki, na kabla hajageuza usukani mpaka mwisho kuona kebo zimebakiwa na ulegevu gani, amekisia tu. Urefu wako peke yake hauamui kipimo. Kebo ya mafuta, kebo ya klachi na mpira wa breki ya mbele ndivyo vinavyosema mwisho uko wapi, na vikipuuzwa vinaweza kukuangusha.

Tuanze na mwili, maana dalili zako ni mbili na hazina chanzo kimoja. Mabega kukaza pamoja na mgongo wa kati kuuma ni hali ya mtu anayeufuata usukani kwa kuinama. Kiwiliwili kikilala mbele, uzito wake lazima ubebwe na kitu. Misuli ya mgongo inaubeba mpaka inachoka, kisha mikono inaupokea, na muda wote huo shingo imekunjwa kwenda nyuma ili macho yaone barabara. Usukani ukipanda na kurudi nyuma kidogo, kiwiliwili kinanyooka na mzigo unahamia kwenye makalio. Hapo raiza hufanya kazi yake vizuri.

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni habari nyingine. Vidole hivyo vinahudumiwa na neva inayopita upande wa nje wa kiganja, chini ya kidole kidogo, mahali ambapo mpini wa usukani hukandamiza. Neva hiyo inaweza kubanwa na uzito wa mwili, au na mtu anayeshika mpini kwa nguvu kuliko inavyohitajika, au ikachoshwa na mtetemo wa injini. Raiza hupunguza uzito, haigusi mtetemo. Kwa kuwa ni mkono wa kulia peke yake, mkono unaokaza mafuta, nadhani kushika kwa nguvu kumechangia sana. Jaribu kulegeza vidole kila unapokumbuka, na angalia kama vile vizito vya mwishoni mwa usukani bado vipo mahali pake. Vikiondolewa, mtetemo huongezeka. Ganzi ikiendelea hata siku ambazo hujapanda pikipiki, usinunue kitu chochote kabla ya kumwona daktari.

Kabla ya raiza kuna marekebisho ambayo hayadai kununua chochote, na yanashangaza kwa jinsi yanavyosaidia. La kwanza ni pembe ya leva za breki na klachi. Kaa kwenye siti kama unavyokaa ukiwa njiani, nyoosha vidole juu ya leva, halafu mtu akutazame kwa upande. Kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole panatakiwa kuwa na mstari ulionyooka. Leva zikiwa zimeelekea juu sana, kifundo cha mkono kinakunjika kila unaposhika klachi, na hakuna raiza itakayoponya hilo. Legeza vishikizo vya leva, uzishushe kidogo, kaza. Kazi ya dakika chache.

La pili ni kuuzungusha usukani wenyewe ndani ya vishikizo vyake. Usukani uliopinda ukizungushwa digrii chache kwenda nyuma, mipini inakusogelea. Pikipiki nyingi zina alama ndogo iliyopigwa kwenye bomba, inayokaa sawa na mpaka wa kishikizo, kukuonyesha kiwanda kilipoanzia. Ukishazungusha, hakikisha kikombe cha mafuta ya breki kinarudi kukaa sawasawa, maana kikiinama sana hewa inaweza kuingia kwenye mfumo. Angalia pia siti. Siti inayoteremka mbele inakusukuma kwenye tanki, na mikono ndiyo inayokuzuia usiteleze. Na aliyeongeza sponji nene kwenye siti amejiinua yeye, kwa hiyo kwa mwili wake ni kama ameushusha usukani. Watu wengi huja kuulizia raiza miezi michache baada ya kushonesha siti mpya, na hawaunganishi mambo hayo mawili. Mwisho, bana tanki kwa magoti. Mwili unaoshikiliwa na miguu hauhitaji kuning'inia kwenye mikono.

Ukishafanya hayo na bado unainama, basi sasa tuzungumze raiza.

Raiza ni vipande vya aluminiamu au chuma vinavyoingia kati ya bamba la juu, lile linaloshika shokapu mbili za mbele, na vishikizo vya usukani, au kati ya vishikizo vya chini na usukani wenyewe. Wengi hudhani kipande cha milimita 30 kinaupandisha usukani milimita 30. Sivyo. Shokapu za mbele hazijasimama wima, zimelala nyuma, na vishikizo vya usukani vimesimama kwa kufuata mlalo huohuo. Raiza iliyonyooka inaupeleka usukani juu kwa kuufuata mlalo huo, kwa hiyo unapanda na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Pikipiki yenye shingo (sehemu ya fremu ambamo usukani hugeukia) iliyolala digrii 26 kutoka wima ikifungwa raiza za milimita 30, mipini inapanda kama milimita 27 na kurudi nyuma kama 13. Ukifunga za 50, inapanda 45 na kurudi 22. Kwenye pikipiki za kulala (kruza) zenye shingo ya digrii 33, raiza hizohizo za 50 zinapandisha 42 tu na kurudisha 27.

Kwa mtu mfupi, kurudi huko ni neema. Kwa wewe mwenye mikono mirefu, kunaweza kukugeukia. Mipini ikisogea mno kifuani, viwiko vinabanana na mbavu, mgongo unajikunja kama wa mtu aliyekaa kwenye kigoda kifupi, na maumivu yaliyokuwa kati ya mabega yanashuka kiunoni. Usukani ukiwa juu mno, nao unakuja na ya kwake: mikono ikikaa juu kuliko viwiko, misuli ya juu ya mabega inafanya kazi ya kuining'iniza mikono siku nzima. Yaani unaweza kutoka kwenye maumivu ya mabega, ukapita kwenye nafuu, ukaingia tena kwenye maumivu ya mabega, yote kwa kuongeza milimita tu.

Ndiyo maana napendelea kipimo kianze na mwili. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, au mtu aishike wima. Kaa, weka miguu kwenye vikanyagio, bana tanki, nyoosha mgongo bila kujilazimisha, kisha fumba macho na uinue mikono mbele kama unayeendesha. Usiutafute usukani. Fungua macho uone viganja vimesimama wapi ukilinganisha na mipini. Rudia mara kadhaa, maana mara ya kwanza watu hujidanganya. Tofauti unayoiona kati ya viganja na mipini ndiyo unayotaka kuifidia. Mara nyingi ni ndogo kuliko mtu alivyotarajia, kati ya milimita 20 na 35. Kama unaendesha sana ukiwa umesimama kwenye vikanyagio, kwenye njia mbovu, rudia kipimo ukiwa umesimama, magoti yamekunjwa kidogo. Kwa mtu wa sentimita 187 hapo ndipo usukani mfupi unapomwonea, na mahitaji yanaweza kuwa makubwa kuliko ya kukaa.

Sasa kebo. Hapa nitakaa, uniwie radhi.

Kati ya usukani na sehemu nyingine ya pikipiki kuna vitu vinne au vitano vinavyopita: kebo ya mafuta (pikipiki nyingi zina mbili, moja ya kuvuta na moja ya kurudisha), kebo ya klachi, mpira wa breki ya mbele, na mafungu ya nyaya za swichi, kulia na kushoto. Kila kimoja kimekatwa kiwandani kwa urefu unaotosha usukani wa kiwandani, pamoja na ulegevu kidogo wa kuruhusu kugeuka kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Ulegevu huo ndio unaouazima unapofunga raiza. Pikipiki nyingi zinaweza kukuazima milimita 20 hadi 30 bila kulalamika; zipo zinazotoa zaidi, na zipo ambazo hata 20 ni shida.

Ukiuazima wote, yafuatayo hutokea. Kebo ya mafuta ikivutika wakati usukani umegeuzwa, injini inapandisha mizunguko yenyewe bila wewe kugusa kitu. Fikiria unageuza kwenye kona kali ya mwendo wa polepole, au unazunguka mahali finyu, na pikipiki inaamua kukimbia. Kebo ya klachi ikivutika, klachi haishikani vizuri, inateleza na kujichoma pole pole, na mwenye pikipiki anadhani diski zimechakaa. Mpira wa breki ukivutika, unakunjika pale kwenye kiungo chake na kuchoka, na siku ukipasuka ni siku uliyokamata breki kwa nguvu, maana ndipo shinikizo linapokuwa kubwa. Nyaya za umeme huchukua muda zaidi. Huanza kukatika ndani ya ganda lake karibu na shingo, kisha taa inazimika ukigeuza kushoto na kuwaka ukigeuza kulia, na fundi anaweza kuhangaika na hitilafu hiyo kwa siku nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fanya jaribio la vibao. Tafuta vipande viwili vya mbao vya milimita 20, viwili vya 30, na vingine vya 40 ukipenda. Fungua vifuniko vya vishikizo, mwenzako ainue usukani, weka vibao juu ya vishikizo vya chini, laza usukani juu yake na mwenzako aushikilie bila kuubana. Geuza kulia mpaka mwisho, geuza kushoto mpaka mwisho. Tazama kila kebo kwa zamu. Ukiona yoyote imenyooka kama uzi wa nguo, umepita. Halafu, na hili husahaulika, inua gurudumu la mbele lisiguse ardhi ili shokapu zishuke mpaka mwisho wake, kisha geuza tena. Mpira wa breki unashuka hadi kwenye gurudumu, kwa hiyo hunyooka zaidi shokapu zinaponyooka. Mpira unaoonekana umelegea pikipiki ikiwa imesimama unaweza kuwa umekaza kabisa gurudumu linapodondokea shimoni. Jaribio hili ni la pikipiki iliyosimama tu, injini imezimwa. Usithubutu kusogea nayo ikiwa na vibao.

Ukikuta kebo zinabana, usikate tamaa upesi. Mara nyingi zimefungwa kwa vibanio vya plastiki, au zinapita kwenye kishikio cha waya mbele ya shingo, na ukizitoa hapo unapata sentimita moja au mbili. Wakati mwingine kebo inapita nje ya shokapu na ikihamishiwa ndani inapata njia fupi. Lakini kila unapobadilisha njia, hakikisha kebo haiwezi kunaswa kati ya shokapu na fremu, wala kugusa bomba la moshi, wala kujikunja kwa kona kali. Kama hata baada ya hapo haitoshi, kuna kebo ndefu na mipira mirefu ya breki, ikiwemo ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma. Hizo zinafanya kazi vizuri. Ila ukishagusa mpira wa breki umeingia kazi nyingine: washa mpya za shaba kwenye viungo, mafuta ya breki mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe, na kutoa hewa yote. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yanababua rangi ya tanki, na DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hayo mengine. Pikipiki yenye ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga ukikamata breki) inaweza kudai utaratibu maalumu wa kutoa hewa. Kama hujawahi kufanya kazi hii, hapa ndipo ningekushauri umwite fundi wa breki, hata kama mengine yote umeyafanya mwenyewe.

Tofauti moja ya pikipiki za kisasa: zile ambazo mkono wa mafuta unatuma ishara ya umeme hazina kebo ya mafuta kabisa. Hatari ya injini kujipandisha kwa kuvutwa inaondoka, lakini inabaki nyaya yake, nayo haipendi kuvutwa.

Jambo la pili la kuangalia ukiwa na vibao ni nafasi. Geuza mpaka mwisho pande zote mbili uone kama mipini, leva au swichi zinagusa tanki, na kama kikombe cha breki au vioo vinagonga kioo cha kukinga upepo. Angalia pia kama bado unaisoma dashibodi, maana usukani uliopanda wakati mwingine hukaa katikati ya macho na mwendokasi.

Kuhusu tabia ya pikipiki barabarani, watu huuliza kama usukani utakuwa mzito au mwepesi. Raiza iliyonyooka inafuata mlalo wa shingo, kwa hiyo umbali kati ya viganja na mhimili wa kugeukia haubadiliki. Nguvu ya kugeuza inabaki ileile. Raiza za kurudisha nyuma, zile zilizotengenezwa ziusogeze usukani nyuma zaidi, ndizo zinazobadilisha hilo, na zikizidi, mikono huanza kuchora duara pana ukigeuza, kama mtu anayeshika usukani wa mashua. Kinachobadilika kwa raiza zote ni mwili wako. Uzito unahama kidogo kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma, na kifua kinapokea upepo zaidi. Kwa mwendo wa wastani huenda usihisi. Kwa mwendo wa kasi, upepo unakusukuma nyuma, wewe unajishikilia kwa mikono, na kuvuta mipini namna hiyo kunaweza kuifanya pikipiki ianze kuyumba. Anayekimbia sana barabara kuu bila kioo cha upepo afikirie mara mbili kabla ya kukaa wima kabisa.

Ukienda kununua, jua kipenyo cha bomba lako. Sehemu inayobanwa huwa ya milimita 22 kwa pikipiki nyingi, 28.6 kwa usukani mnene wa kisasa unaopungua kuelekea mipini, na 25.4 kwa nyingi za kulala. Pima kwa kalipa, usipime kwa macho. Kama raiza zako zinaingia chini ya vishikizo vilivyopo, kipenyo hakina shida, lakini umbali kati ya vishikizo viwili na ukubwa wa bolti ndivyo vitakavyoamua.

Bolti nazo zinastahili neno. Bolti ikipita ndani ya raiza ya milimita 30, lazima irefuke milimita 30, na bolti hizo ndizo zinazoshikilia usukani wako, kwa hiyo usiziokote kwenye kopo la bolti kuukuu. Tazama namba ya uimara kwenye kichwa cha bolti: nataka 8.8 au zaidi. Zile nzuri zinazong'aa za chuma kisichoshika kutu, zenye alama A2-70, zinavutia macho lakini ni dhaifu kuliko 8.8. Bolti iingie kwenye meno kwa kina cha kutosha. Kwa aluminiamu nataka angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani milimita 12 kwa bolti ya M8 (ya kipenyo cha milimita 8) na 15 kwa ya M10. Na kwa M10 kuna mtego: meno yake huja kwa hatua (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1.25 na ya 1.5, zote mbili zinatumika sana. Ukiingiza isiyo yake, itazunguka raundi chache kisha itakwama, na ukilazimisha meno ya bamba yataliwa. Ingiza kila bolti kwa vidole kwanza. Ikigoma vidole, usilete spana.

Kufunga kwenyewe hakuna maajabu. Piga picha njia za kebo kabla hujagusa kitu. Tandika blanketi juu ya tanki. Fungua vifuniko vya vishikizo, laza usukani kwenye blanketi, na usiuache uning'inie kwa mpira wa breki. Kikombe cha mafuta ya breki kikae wima muda wote. Safisha uchafu na mafuta pale raiza inapokalia. Kama vishikizo vya chini vinafungwa kwa nati chini ya bamba, weka raiza bila kukaza, rudisha usukani, kaza vifuniko kiasi, ili bomba lenyewe lizipange raiza mbili kwenye mstari mmoja, kisha ndipo ukaze za chini. Ukikaza za chini kwanza, raiza zikiwa zimepinda hata kidogo, utalilazimisha bomba.

Vifuniko vya juu vina mpangilio wake. Pikipiki nyingi zinataka bolti za mbele zikazwe kwanza mpaka mwisho, kisha za nyuma, na pengo libaki nyuma. Kifuniko huwa na nukta au mshale unaoelekea mbele. Nyingine zinataka pengo sawa pande zote. Kitabu cha pikipiki kinasema, na maelezo ya raiza yanasema. Raiza zilizokuja na vifuniko vyake, fuata maelezo yake. Tumia spana ya kupimia mkazo. Bolti za M8 za vifuniko mara nyingi hukazwa kati ya 20 na 28 Nm (niutoni mita, kipimo cha mkazo), lakini namba ya kitabu chako ndiyo sheria. Usipake mafuta kwenye meno kama hukuambiwa, maana bolti iliyolainishwa hukazika kupita namba unayoisoma. Gundi ya kuzuia bolti kulegea, ile ya nguvu ya wastani, itie pale tu maelezo yanapotaka.

Kama bamba lako lina mipira ya kupunguza mtetemo chini ya vishikizo, jiandae kuhisi usukani ukilegalega kidogo zaidi. Raiza ni mkono mrefu zaidi juu ya mpira uleule. Ikizidi, mipira imechakaa na inabadilishwa.

Baada ya kufunga, washa injini nje, gia iwe huru, iache ingurume yenyewe. Geuza usukani pole pole kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Mngurumo usibadilike hata chembe. Mngurumo ukipanda, zima injini, rudi kwenye kebo. Kaza mafuta na uachie ukiwa umegeuza mwisho wa kila upande. Mkono urudi wenyewe kwa haraka. Uchezaji (mwendo wa bure kabla kebo haijaanza kuvuta) wa mkono wa mafuta mara nyingi ni milimita 2 hadi 6, na wa leva ya klachi kama 10 hadi 15 kwenye ncha yake. Uchezaji huo uwepo usukani ukiwa umenyooka na ukiwa umegeuzwa. Jaribu taa, honi, indiketa na swichi ya kuzima injini katika pande zote mbili. Kamata breki ya mbele na uusukume usukani chini kwa nguvu mara kadhaa, ukiangalia kama bomba linazunguka kwenye vishikizo. Kisha nenda mahali pa wazi, chora nane kwa mwendo wa kutembea. Baada ya kilomita 100 hivi pitia bolti zote tena kwa spana ya kupimia.

Kwako wewe, ningeanza na leva na pembe ya usukani, niendeshe hivyo kwa wiki moja au mbili, kisha ninunue raiza za milimita 25 hadi 30 zilizonyooka. Za 50 ningezifikiria tu kama kipimo cha kusimama kimeonyesha hivyo na vibao vimethibitisha kwamba kebo zinafika.

Na jozi mbili moja juu ya nyingine, hapana. Kila ungio linaloongezwa ni sehemu mpya ya kulegea, bolti inakuwa ndefu na inapindwa zaidi kila unapokamata breki, na hakuna mtengenezaji aliyeipima hali hiyo. Usijazie washa pia. Milimita 30 zikiwa hazikutoshi, tafuta usukani wenyewe wenye mpindo mrefu zaidi, ubanwe kwenye vishikizo vya kiwandani au kwenye jozi moja ya raiza fupi. Huo unakupa urefu bila kurefusha bolti sana, na unaweza kuchagua unaopanda bila kurudi nyuma sana. Kwa mikono yako hilo lina thamani. Bolti za zamani za vishikizo zihifadhi kwenye mfuko wenye lebo. Siku ukiirudisha pikipiki kwenye hali ya kiwandani, zile ndefu za raiza zitagonga mwisho wa tundu kabla hazijabana kitu.